Kifuniko cha Sufuria ya Ahadi

Wamesimulia waliokuwako, wakapokea wasiokuwako, na mimi nimepokea kwa hao nikashindwa kunyamaza, ya kwamba katika mji wa Zumarani, mji wa kuta nyeupe na visima saba vya maji matamu, alitawala Sultani Mansuri bin Tawfiki, mtu mwenye ndevu nzuri na sauti nzuri na mkono usiojua kufumba. Na mji huo ulizungukwa na jangwa la chumvi mwendo wa siku nne kila upande, hata msafiri aliyefika langoni hakuuliza habari za soko wala za Sultani, aliuliza maji yako wapi, na watu wa Zumarani walimpa maji kwanza, kisha ndipo wakamjulia hali.

Basi katika jangwa hilo aliishi jini mmoja, jina lake Dahamashi, mwenye hazina zisizohesabika, na kazi yake ilikuwa kukopesha wafalme. Naye Sultani wa kwanza wa Zumarani, babu yake babu wa Mansuri, alifunga naye ahadi mbele ya watu wote. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno, sufuria moja ya shaba, yenye kutosha pilau ya watu ishirini, ililetwa uwanjani mbele ya lango la kasri, na ndani yake ulichorwa mstari, shibiri moja chini ya ukingo, na jini alimimina dinari za dhahabu hadi kwenye mstari huo na hakuzidisha hata moja. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha deni, na hakuna sultani aliyeruhusiwa kukopa zaidi ya hapo, awe na vita, awe na njaa, awe na harusi ya mwanawe. Na rehani ilikuwa visima. Deni lisipolipwa kwa mavuno ya mwaka uliofuata, kisima kimoja kiliingia chumvi. Lakini sufuria ile ilikuwa ndogo, na ushuru wa nafaka wa mwaka mmoja uliilipa na kubakiza, kwa hiyo miaka mia na zaidi ilipita bila mtu kuonja chumvi ndani ya kuta za Zumarani, na watu wakaiita Sufuria ya Ahadi.

Sasa sikilizeni jinsi sheria nzuri inavyouawa na watu wenye vilemba vizuri.

Sultani Mansuri alitaka kujenga ngazi ya dhahabu mbele ya kasri yake, ngazi ya vidato mia tatu, na alipoulizwa inapanda kwenda ghorofa ipi alijibu kwamba ghorofa itajengwa baadaye. Dhahabu ya sufuria moja haikutosha hata vidato kumi. Ndipo Waziri wake, Khuzaima, mtu mpole wa maneno aliyekuwa akisugua viganja kila anapotaka kusema jambo baya, akainama mbele ya kiti cha enzi akaeleza kwamba sheria imekataza kuupita mstari, nayo haijasema popote kwamba sufuria isipanuliwe. Hati yenyewe ya ahadi, akaongeza, imeliwa na mchwa. Baraza la watu saba likaitwa, na sita wakalisifu shauri hilo wakatia muhuri, na wa saba, Amiri Ghalibu, mpwa wa Sultani, akakataa, na kwa sababu ya kukataa kwake akahamishiwa kiti cha nyuma ya nguzo, mahali ambapo haonekani wala hasikiki vizuri.

Wakamwita Hamedi, mfua shaba wa kasri, wakampa amri aigonge sufuria kutoka ndani mpaka itanuke. Hamedi akaigonga siku tisa. Ilipokwisha ilitosha pilau ya watu arobaini, na mstari wake ulikuwa bado uko shibiri moja chini ya ukingo, na jini akaijaza hadi kwenye mstari bila kuuliza neno. Waziri akatangaza uwanjani kwamba ahadi ya mababu imeheshimiwa. Alikuwa na kasuku aliyemfundisha maneno mawili tu, akamzungusha sokoni ndani ya tundu la fedha, na ndege akawa anawaambia wanunuzi wa vitunguu, "Mstari haujapitwa. Mstari haujapitwa." Na watu, Mungu awasamehe, walicheka wakamtupia karanga.

Mwaka uliofuata mavuno hayakutosha kulipa, na yangetosheaje? Kisima cha Forodhani kikaingia chumvi. Baraza likakaa kwa huzuni kubwa, likanywa kahawa, likaamua kwamba dawa ya deni kubwa ni sufuria kubwa zaidi, ili la zamani lilipwe kwa jipya na kitu kibaki cha kuendeleza ngazi. Sufuria ikapanuliwa tena. Mwaka wa pili kisima cha Watengeneza Ngozi, mwaka wa tatu kisima cha Msikitini. Hamedi alipoigonga mara ya nne alirudi nyumbani hakula, akalala na homa, na kabla ya mwezi kuandama akafa. Nyundo ikashikwa na binti yake wa pekee, Lutfia, kwa kuwa hakuwa na ndugu wa kiume na kazi hiyo aliijua tangu utoto, naye akaigonga sufuria mwaka wa nne, na wa tano, na wa sita, na kila mwaka akalipwa ujira wake, na kila mwaka kisima kimoja kikafa. Sitamtetea kwa hilo, wala yeye mwenyewe hakujitetea.

Mwaka wa saba kilibaki kisima kimoja tu, Kisima cha Mzambarau, katika mtaa wa mafundi. Wakubwa waliletewa maji kwa ngamia kutoka chemchemi za mbali. Wadogo walipanga foleni tangu alfajiri na kupigana kwa ndoo. Bi Shuweikha, mama yake Lutfia, aliyekuwa akiuza mkate wa kumimina mlangoni kwake tangu ujana wake, aliyapata maji ya kuchanganyia unga siku moja kati ya tatu, na siku nyingine alikaa mbele ya jiko baridi mikono mapajani. Watu wa mtaa wakaanza kufunga mizigo. Bi Shuweikha akamwambia binti yake kwamba yeye hafungi kitu, kwa kuwa mumewe amezikwa hapo na jangwa la siku nne si safari ya magoti yake, na kisima hicho kikiingia chumvi atakaa palepale mlangoni mpaka Mungu atakapomchukua. Aliyasema hayo huku akipepeta mchele, na Lutfia akatoka nje akalia.

Siku sita kabla ya Ijumaa ya jini, Waziri Khuzaima alifika mwenyewe karakanani, na nyuma yake watumishi kumi na wawili wakiviringisha sufuria, maana sasa ilikuwa kubwa kuliko chumba cha kulala. Akasema Baraza limekwisha kutia muhuri, na inatakiwa itanuke robo moja zaidi.

Lutfia akaizunguka sufuria, akaigusa kitako chake, akasimama.

"Bwana Waziri," akasema, "hii ni shaba ileile aliyoipiga babu yangu mkubwa, haijaongezwa hata chembe. Kila mlipoipanua mlipata upana, na unene ukaondoka. Njoo ubonyeze hapa kwa kidole chako."

Waziri hakubonyeza. Alisugua viganja. "Binti Hamedi, hukuitwa kufasiri mambo ya dola. Umeitwa kugonga. Nyundo hiyo ni ya kasri, na ukichoka kuishika, wako wengi watakaoishika, na nyumba hii ya karakana nayo ni ya kasri."

Akaondoka. Na Lutfia, kwa hofu ya kumtoa mama yake nje, akaiinua nyundo, akapiga pigo la kwanza, na la pili, na kwa pigo la tatu kitako kikapasuka ufa mrefu kama mkono. Akatafuta shaba ya kuutia kiraka mji mzima asipate, kwa kuwa shaba yote ilikuwa imenunuliwa kuwa misumari ya ngazi ya Sultani. Akarudi nyumbani akamweleza mama yake kwamba kazi imeharibika na Waziri atasema ameharibu kwa makusudi.

Bi Shuweikha akafikiri, kisha akanyoosha kidole jikoni. Kulikuwa na kifuniko kikubwa cheusi, kipana kama sinia la harusi, alichofunikia vyungu vitatu vya mkate kwa pamoja na kupalia makaa juu yake ili mkate uive pande zote mbili. Alikikuta kwa mama mkwe wake, na mama mkwe alikikuta kwa mama mkwe wake, na hakuna aliyekumbuka kilitoka wapi. "Chini ya masizi hayo ni shaba, mwanangu," akasema. "Kikate. Mkate wenyewe hauna maji."

Lutfia akakichukua akakaa nacho uani, akakisugua kwa ndimu na majivu kama wafanyavyo mafundi kabla ya kukata, ili aone wapi shaba ni nzima. Masizi ya miaka mia hayatoki kwa mara moja. Alisugua tangu asubuhi hadi adhuhuri, na wekundu ukaanza kujitokeza, na ndani ya wekundu huo, herufi. Akaacha kusugua, akapuliza, akasoma, kwa kuwa alikuwa amesoma chuoni na hati ya wazee haikumshinda. Na maandishi yalikuwa haya: *Hiki ni kifuniko cha Sufuria ya Ahadi, kimewekwa amana kwa mfua shaba ili Sultani asikae na vyote viwili. Deni lisilofunikika kwa kifuniko hiki si deni la watu wa Zumarani, wala visima vyao si rehani yake. Adaiwe aliyelitia muhuri, kwa mali yake na kwa mgongo wake.*

Akayasoma mara tatu. Kisha ghadhabu ikampanda, kwanza kwa ajili ya Waziri na Baraza na Sultani, halafu kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu miaka saba sheria ya mji ilikuwa jikoni kwao ikibeba makaa, na baba yake amekufa kwa aibu ya jambo ambalo jibu lake lilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwake. Akampelekea mama yake akamsomea. Bi Shuweikha akasema, "Basi usikikate."

Ijumaa ikafika. Baada ya sala uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta, na ngazi ya dhahabu iling'aa kwa jua ikipanda kwenda hewani, na chini yake alikaa Sultani Mansuri, na Waziri Khuzaima na tundu lake la kasuku, na Baraza, na Amiri Ghalibu nyuma ya nguzo. Sufuria ilikuwa imewekwa katikati, na Lutfia alikuwa ameuziba ufa kwa lami tu, na Waziri alipouona aliuliza kwa jicho, naye akajibu kwa kichwa kwamba itatosha. Upepo wa chumvi ukavuma, na jini Dahamashi akasimama mahali palipokuwa hapana kitu, mrefu kama lango, amevaa kanzu safi kama mfanyabiashara anayekwenda kuposa. Akasalimu kwa adabu, akasema kwamba deni la mwaka jana halikulipwa, na amekuja kukichukua Kisima cha Mzambarau, na akishakichukua yuko tayari kujaza tena, hadi kwenye mstari.

Hapo watu wakaanza kulia, kwa kuwa waliolia mwaka hadi mwaka walikuwa watu wa mtaa mmoja mmoja, na sasa ilikuwa zamu ya wote. Lutfia akapita katikati yao akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa kaniki. Askari wakamzuia kwa mikuki. Sauti ikatoka nyuma ya nguzo, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba ikasikika vizuri. Amiri Ghalibu alisema, "Mwacheni apite. Kisima ni chake kuliko kilivyo chetu."

Akapita. Akafungua kaniki, akakinyanyua kifuniko kwa mikono miwili, kikawaka kwa jua, akayasoma maandishi yote kwa sauti ya fundi aliyezoea kusema juu ya kelele za nyundo. Kisha akapanda juu ya kigoda, akakiweka kifuniko juu ya mdomo wa sufuria na kukiachia. Kikatumbukia ndani kama kisosi kilichoangushwa ndani ya pipa, kikagonga kitako, na mlio wake ukazunguka kuta zote za Zumarani. Mlio ulipokwisha, kasuku akasema, "Mstari haujapitwa."

Mtu mmoja akacheka, tena kicheko kibaya, na watu wengine wakaanza kunguruma.

Waziri akasugua viganja akasema kwamba kile ni kifuniko cha jikoni, na mwanamke huyu ni binti wa muuza mkate. Lakini Lutfia alikuwa amekwisha kumgeukia jini.

"Ewe Dahamashi," akasema, "wewe ulikuwako ahadi ilipofungwa. Sufuria ilikuwa na kifuniko, au haikuwa nacho?"

Jini akainama, akakitoa kifuniko kwa vidole viwili, akakitazama kama mtu anayetazama kitu cha ujana wake. "Ilikuwa nacho," akasema. "Ndicho hiki."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Mimi hujaza nilicholetewa, na hakuna aliyeniuliza. Katika wafalme wote ninaowakopesha, bibie, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza akomee wapi. Huniuliza naweza kutoa kiasi gani."

Nami nawaambia wasomaji wangu, neno hilo la jini liliniudhi kuliko ulafi wa Sultani, kwa sababu ni la kweli.

Ndipo Sultani Mansuri akasimama akasema kwa ile sauti yake nzuri kwamba yote aliyoyafanya aliyafanya kwa fahari ya mji, na kwamba deni la mfalme ni deni la raia, wao wamefurahia kuitazama ngazi. Na Lutfia akamjibu maneno ambayo mpaka leo husomwa Zumarani, na hakuyatia mapambo.

"Maulana, ngazi hatukuiomba, na hatujapanda hata kidato kimoja, wamesimama askari. Mliposema mnaheshimu sheria mlikuwa mkiigonga kutoka ndani. Ungeivunja mbele yetu tungekuona, lakini uliitanua kidogo kidogo, na kila mwaka ukatuita tuje kushuhudia mstari. Na mimi nimo. Nimeigonga mara tatu nikala ujira wake. Muhuri sikuwa nao, lakini mikono ni hii."

Jini akapiga mguu chini. Akatangaza kwamba deni la watu wa Zumarani ni sawa na sufuria ya kwanza, nalo limelipwa kwa ushuru wao zamani sana, na lililobaki lote ni la walioweka muhuri. Akawataja mmoja mmoja, Sultani, na Waziri, na wale sita, na kila aliyetajwa akaona pete ya muhuri imekaza kidoleni mwake haitoki. Nyumba zao na mashamba yao na ngazi ya dhahabu pia vikaenda kwa jini siku hiyohiyo, na kwa migongo yao wakatumwa kushuka katika visima sita na kuikwangua chumvi, na kuibeba kwa vikapu mpaka jangwani, na kurudi, na kushuka tena. Walifanya hivyo miaka mitatu. Watu walikuwa wakiwapa maji walipopita, kwa kuwa ndiyo desturi ya mji, na Mansuri, husemwa, alikuwa akinywa huku ameangalia chini. Kasuku akachukuliwa na mama mmoja muuza vitunguu, na kila mwaka alimfundisha neno jipya, lakini la zamani hakulisahau.

Lutfia akaiyeyusha sufuria kubwa akaifua upya bila ujira, mpaka kifuniko kikakaa juu yake kikashika. Naye Amiri Ghalibu, aliyekataa kutia muhuri kila mwaka, akafanywa Sultani kwa kauli moja, na miaka hiyo mitatu ilipokwisha akapeleka posa ya Lutfia kwa Bi Shuweikha, kwa kuwa alikuwa amezoea kuja mtaani kununua mkate na kukaa sana kuliko mkate ulivyohitaji. Bi Shuweikha akaikubali. Siku ya kupanga harusi Sultani Ghalibu akamweleza mchumba wake, kwa haya kidogo, kwamba wageni watakuwa wengi na hazina bado ni changa, na kwamba angefikiria, kwa mwaka huu mmoja tu, kuipanua sufuria upana wa kidole.

Lutfia aliinuka akaenda jikoni, akarudi na kifuniko, akakiweka mapajani pa Sultani, kizito na chenye joto la makaa.

Ghalibu akakishikilia muda mrefu. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomtisha. Akasema harusi itakuwa ya siku moja, na ikawa ya siku moja, na kila mgeni alikula kipande cha mkate wa kumimina na kunywa maji ya visima saba, na wakakaa kwa raha na neema, na hazina ikajaa kwa mavuno, na watoto wakawazaa.

Na kifuniko Lutfia hakukiacha kiingie kasri. Alikirudisha kwa mafundi, akaweka sharti kwamba kila Ijumaa kipikiwe mkate uwanjani, mbele ya watu, makaa juu na makaa chini, ili kila mtoto wa Zumarani aujue upana wake kwa macho na kwa tumbo. Wapumbavu walimwuliza kwa nini kitu kitukufu hivyo kiharibiwe kwa masizi. Alipokuwa bibi kizee mwenye mvi, Baraza jipya, watu wema waliochaguliwa vizuri, walimpelekea barua nzuri yenye salamu nyingi, wakieleza shida za wakati na mahitaji ya dola, na mwishoni wakauliza kama kifuniko kile, kwa ufundi wake, kinaweza kupanuliwa kidogo. Bibi Lutfia akamwambia mjumbe aliyeileta asubiri mkate uive. Kisha akaitumia barua kuwashia makaa.